Nani Kaongeza Maji?

"Maziwa yako ni maji ya kuoshea mchele, wifi! Sisemi mimi, kadi ndiyo inasema!"

Sindano aliipiga ile kadi ya kliniki mezani mpaka vikombe vikaruka. Sindano ni binti yangu, fundi cherehani, na jina hilo wateja wake walimpa kwa ajili ya ulimi, si kwa ajili ya kazi. Aliyekuwa anatukanwa ni mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ndio kwanza alikuwa anavua viatu vya kazi mlangoni, vimeganda saruji. Na aliyekuwa anagombaniwa alikaa mapajani mwangu akinyonya kola ya gauni langu: mjukuu wangu wa miezi minane, mume wangu mimi, ambaye kwa miezi miwili mizima hakuwa ameongeza hata uzito wa kipepeo.

"Rudia," mkwe wangu alisema. Hakupandisha sauti. Yule akikasirika sauti inashuka, unalazimika kuinama kuisikia, na ukiinama ndipo unapopigwa nayo.

"Narudia mara mia. Leo nimempeleka kliniki mimi, kwa sababu mama yake yuko juu ya jukwaa anapiga plasta na wanaume. Nesi kamweka kwenye mizani, kachora mstari. Tazama! Mwezi wa sita mstari unapanda. Wa saba umelala. Wa nane umelala. Umelala kama mtu aliyekula daku! Nesi kaniuliza mtoto anakula nini. Nimwambie nini mimi? Nimwambie mama yake anakula vumbi la saruji na kumnyonyesha hilo hilo?"

"Anakula uji. Naupika mwenyewe kila alfajiri."

"Basi ni maziwa."

"Wifi, chunga mdomo."

"Sichungi! Nimeshampigia kaka yangu. Akishusha kokoto zake anakuja hapa moja kwa moja. Atachagua leo: ama mke wake aache huo ujenzi akae alee, ama mtoto naondoka naye mimi."

Mimi nilinyamaza. Wanaonijua watasema mgonjwa huyu, kwa maana mimi niliwahi kubishana na jogoo mpaka akaacha kuwika wiki nzima, na aliporudi kuwika alianza kwa kuomba radhi. Lakini siku ile nilibana midomo na kumpigapiga mtoto mgongoni, ingawa hakuwa analia. Ndani ya chumba kile tulikuwa watu wazima watatu, na mmoja tu ndiye aliyejua kwa nini mtoto hakui. Na huyo mmoja alikuwa na hasira na wale wawili, hasira ya kuwachapa, kwa sababu walikuwa wanakaribia.

Ngoja niwaeleze mkwe wangu ni nani, ndipo mjue nilikuwa nacheza na nini.

Kazini wanamwita Timazi. Ni kile kichuma kinachoning'inia kwenye kamba, mafundi wanapimia kama ukuta umesimama wima. Alifika kwenye ujenzi akiwa msichana wa kubeba ndoo za maji. Wiki ya tatu alisimama nyuma ya fundi mmoja mwenye majivuno akamwambia ukuta wake utabanduka. Fundi akacheka, mafundi wote wakacheka, mpaka lori la mchanga likacheka. Asubuhi iliyofuata plasta yote ilikuwa imelala chini kama shuka. Msimamizi akamuuliza alijuaje. Akajibu, "Mchanganyiko ulikuwa na maji mengi. Niliuona unavyoanguka." Akapewa mwiko siku hiyo hiyo na hajauweka chini mpaka leo. Kuta zake ni laini hivi kwamba nzi wakitua wanateleza. Mjusi mmoja alivunjika mguu hapo, nilimwona kwa macho yangu akichechemea.

Kitu kimoja hakiwezi kabisa: mtu kumwongezea maji nyuma ya mgongo. Wachanganyaji hupenda kufanya hivyo jua likiwa kali, kwa sababu mchanganyiko mzito unaumiza mikono, mwepesi unateleza wenyewe kwenye karai. Yeye huchota kwa mwiko, anaugeuza mwiko juu chini mbele ya uso wako. Mchanganyiko ukibaki, endelea na kazi. Ukianguka, anauliza swali moja tu, kwa sauti ile ya chini, na wanaume wenye ndevu wameshahama mji kwa ajili ya swali hilo.

Sasa Jumatatu ilikuwa aanze kuwasimamia mafundi tisa, kwenye shule ya ghorofa tatu. Tisa, wote wanaume. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka sita. Na Sindano alikuwa anataka kuizima kwa kadi ya kliniki.

Na kadi ile, jamani, niliichora mimi.

Mtoto alipotimiza miezi sita, mama yake alichagua Jumapili. Alinawa mikono mara tatu, akachemsha bakuli, akamketisha mtoto wima, akaponda kiazi kwa maziwa yake mwenyewe mpaka kikawa laini kama mafuta ya kujipaka. Kijiko cha kwanza mtoto alikunja uso kama hakimu aliyeletewa kesi ya kuku. Cha pili akakitema. Cha tatu akameza, akashangaa, akatutazama wote kama vile sisi ndio tuliomficha siri hiyo tangu azaliwe. Mama yake akalia. Mimi nikapiga vigelegele mpaka dirisha likapata ufa.

Kisha akaniketisha chini akanieleza, neno kwa neno, kama nesi alivyomweleza. Aendelee kunyonya. Chakula kiwe kizito, kikae kwenye kijiko, kisikimbie. Karanga zisagwe laini kabisa ndani ya uji. Leo yai lililopondwa, kesho maharage yaliyochujwa maganda. Kijiko na kikombe, si chupa ya kunyonyea. Na asilazimishwe, apewe muda wake. Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

Siku nne niliishika sheria. Lakini muda wake! Mtoto yule alikuwa anakula kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kijiko kinaingia, ulimi unakisukuma nje. Unakirudisha, anakishika. Unakinyang'anya, anapiga chafya, uji wote uko kwenye kilemba changu. Saa nzima kwa bakuli moja, magoti yangu yanalia kama mlango mbovu, na huko barazani wenzangu wamekwisha kaa wananisubiri niwamalizie kisa cha mamba aliyeniazima mwavuli.

Siku ya tano nikapata akili. Nikaichukua chupa ya kunyonyea kwa jirani. Nikaichukua mikasi midogo ya Sindano, ile ya kukatia nyuzi, nikaikata chuchu ya mpira tundu la kutosha. Uji ule mzito haukupita. Nikaongeza kikombe cha maji ya moto. Ukapita kidogo. Kesho yake vikombe viwili, ukapita kama mvua. Dakika sita mtoto amemaliza, tumbo limejaa kama ngoma, amelala. Na mimi niko barazani na mamba wangu.

Ule uji mzito uliobaki kwenye themosi aliyoniachia mama yake, wenye karanga na yai, ningeumwaga? Nina meno matatu nami, na hayajaonana siku nyingi. Nilionja. Kuonja kwangu kunatumia kijiko kikubwa.

Basi nirudi chumbani.

"Mtoto amekula saa ngapi, mama?" Timazi aliniuliza.

"Saa saba."

"Alimaliza?"

"Akaramba na kifuniko."

"Cha jioni kiko wapi?"

Kilikuwa pale mezani, kwenye themosi, tayari nimekwisha kukizimua, kwa sababu ilikuwa imebaki kidogo nimpe kabla mama yake hajarudi. Siku ile alirudi mapema, Sindano alikuwa amempigia simu akimtukana mpaka akashuka jukwaani. Nikasema, "Kiache kwanza, kinapumzika."

"Uji unapumzika?"

"Uji wa kizazi hiki ndiyo. Unachoka haraka."

Akaifungua themosi akamimina kwenye bakuli. Nilisikia ule mlio. Uji mzito ukimiminwa hunyamaza, unaanguka kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti. Ule ulilia *chururu* kama mbuzi anakojoa kwenye bati. Timazi akasimama tuli. Akachukua kijiko, akachota, akakigeuza juu chini.

Haukubaki hata wa kupaka kijiko.

Akachota tena. Akageuza tena. Matone yakadondoka kwenye kadi ya kliniki, juu ya ule mstari uliolala.

"Nani kaongeza maji?"

Mimi nikaangalia dari. Dari ilikuwa safi, aliipiga plasta yeye mwenyewe.

"Mama. Nani kaongeza maji?"

"Joto hili, mkwe wangu," nikaanza. "Mwaka ule wa joto kubwa bibi yangu alipika ugali saa nne, saa sita ukawa umeyeyuka, tukaunywa kwa vikombe, na shahidi ni..."

Hakunisikiliza. Alimchukua mtoto mapajani mwangu, akamketisha kwenye mkono wake, akachota tena uji ule ule mwepesi, akampelekea kijiko mdomoni. Na mtoto, mume wangu, mwandani wangu, niliyemwimbia nyimbo zisizo na mwisho, akanisaliti bila hata neno. Hakufungua mdomo kukipokea kijiko. Alivuta midomo akakinyonya kwenye ncha. Na mikono yake yote miwili ikapanda juu, vidole vimekunjwa, ikashika hewa.

Tukaitazama ile mikono. Imeshika kitu kinene, cha duara, ambacho hakikuwepo.

"Anatafuta chupa," Sindano akasema, polepole.

"Inuka, mama," Timazi akasema.

"Magoti yangu leo..."

"Inuka."

Nikainuka. Ilikuwa chini ya mto niliokalia, bado ina joto. Timazi akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama chuchu iliyokatwa, akampa Sindano. Sindano akapitisha kidole kwenye tundu, akajua mkato wa mikasi yake mwenyewe.

"Nilizunguka nyumba nzima nikiitafuta ile mikasi! Nilimsingizia mteja! Mteja wa harusi, mama! Kahamia kwa fundi mwingine!" Kisha macho yake yakashuka, yakanitazama kuanzia begani mpaka kiunoni. "Na gauni. Mwezi uliopita nimekufungulia mshono wa kwapani. Ukaniambia kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Kumbe mtoto hanenepi, wewe unanenepa!"

"Kuonja si kula."

"Umeonja mpaka gauni limepasuka!"

Sasa Timazi. Nilingoja anipigie kelele. Kelele nazijua, nazirudishia. Alimkalisha mtoto kiunoni akanisogelea mpaka nikanusa chokaa kwenye nywele zake.

"Miezi miwili," alisema, na ilinibidi niiname. "Miezi miwili wifi ananiita mimi maji ya mchele, nawe umekaa hapo unasikia. Nimejikagua kifua changu kama mtu anayekagua tanki linalovuja. Nimekunywa supu mpaka naichukia harufu yake. Nimekwenda chooni kazini, nimejifungia, nimekamua kwenye kiganja nitazame rangi. Nikajiambia pengine ni kweli. Pengine saruji imeingia. Usiku mume wangu ananiuliza, 'Una hakika mtoto anashiba?' Wewe ulijua. Kila siku ulijua. Ukanitengenezea na chai."

Hapo mtu mwenye haya angeomba msamaha. Mimi nikawaka.

"Na mlitaka nini?" nikasema. "Mliniwekea mtoto na themosi mkaondoka! Mmoja jukwaani, mmoja cherehanini, mmoja kwenye lori! Nani aliniuliza kama naweza? Mtoto anakula saa nzima, mara tatu kwa siku, nami niko peke yangu na magoti haya! Mnakuja jioni mnauliza kamaliza, kamaliza? Nikisema hajamaliza mnanitazama kama nimeiba! Basi nikahakikisha anamaliza!"

"Ungesema huwezi."

"Mimi? Nimwambie nani siwezi? Barazani kote wanajua nimelea watoto kumi na mmoja, mmoja kwenye kila bega na wengine nikiwaswaga kwa fimbo!"

"Umezaa wawili, mama," Sindano akasema. "Mimi na kaka. Na mimi nililelewa na shangazi."

Hilo lilinichoma. Ni kweli, na sijui kama nilikuwa nimewahi kulisikia likisemwa hivyo, bila mapambo. Nilikaa. Nilikalia mahali pasipokuwa na chupa.

Sindano akaona nafasi yake, akarukia. "Haya, si ndio nilisema? Nyumba hii haina wa kulea. Mtoto naondoka naye. Kaka akija tunamwambia hivyo tu."

"Wewe nyamaza," Timazi akamgeukia. "Wewe uliiona kadi ukauliza maziwa. Hukuuliza uji. Ungekuja siku moja ukamlisha kijiko kimoja ungejua. Hujawahi. Una mdomo wa kunitukana, mkono wa kumlisha mtoto huna."

"Mimi nina kazi!"

"Na mimi nina nini, wifi? Nacheza na matope?"

Sindano akainuka, akamwaga ule uji kwenye ndoo ya taka, akaiosha sufuria bila kuambiwa. Aliisugua kana kwamba sufuria ndiyo iliyomtukana mwenzake.

Timazi akawasha jiko. Sijawahi kuona mtu akipika kwa hasira namna ile. Alikoroga kama anavunja mifupa ya mtu, na nilikuwa na wazo zuri ni ya nani. Karanga zilizosagwa, unga, kiini cha yai. Akakoroga mpaka ukawa mzito, akauacha upoe, akaupima joto kwenye kifundo cha mkono, akachota, akakigeuza kijiko mbele ya uso wangu. Uji ukaning'inia pale, hauanguki, unanitazama.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Hivi. Kila siku."

Akamlisha. Mtoto akakinyonya kijiko, akakosa, akakasirika, akatupa mikono hewani akitafuta chupa yake, akalia kilio ambacho kiliniingia kwenye ini. Uji ukamtoka kidevuni. Mama yake akaukwangua kwa ncha ya kijiko, juu kwenda chini, mkwaruzo mmoja, akaurudisha ndani. Ukatoka tena. Akaurudisha. Shavu, kidevu, mdomo. Hakuna alichopoteza. Mara ya sita au ya saba koo lile dogo likapanda na kushuka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mimi nilitaka, nikaona si siku yake.

"Wiki nzima hii atakuwa hivi," Timazi akasema, bila kunitazama. "Amesahau kila kitu. Naanza upya kama vile ana miezi sita. Na Jumatatu ni Jumatatu."

"Jumanne na Alhamisi naweza kuja mchana," Sindano akasema akiwa bado na sufuria. "Naleta kazi ya mkono huku. Nitamlisha mimi. Siku nyingine mtajua wenyewe." Alilisema kwa ukali kama anatoa vitisho.

"Na mimi?" nikauliza.

Nje, mbali kidogo, nikasikia breki za lori zikilia, zile ninazozijua, za mwanangu. Timazi naye alizisikia. Kijiko kilisimama hewani.

"Wewe utamwambia mwanao," akasema. "Anakuja hapa kwa sababu ameambiwa mimi ndiye mwenye makosa. Utamwambia kwa mdomo wako huo huo. Kabla hajavua viatu."

"Nitamwambia, mkwe wangu. Nitamwambia vizuri. Nitaanza na lile joto..."

"Bila joto."

"Basi nianze na magoti, jinsi siku moja goti la kulia lilivyobishana na la kushoto..."

"Bila magoti. Bila bibi yako. Bila mamba. Ukimwingiza mamba, mama, Jumatatu mtoto anakwenda kwa wifi, na mimi ndiye nitakayemfungia nguo zake."

Hakuwa anatania. Sindano aliacha kusugua. Nilimtazama mume wangu, uji umemkauka kwenye nyusi, ananitazama na yeye, na nikawaza nyumba hii Jumatatu mchana, mimi na hizo themosi, na barazani watu wananisubiri niseme kitu.

"Jaribu," Timazi akasema. "Chukulia mimi ndiye mwanao."

"Mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Niliongeza maji."

"Kwenye nini?"

"Kwenye uji wa mtoto." Nikaisogeza ile chupa katikati ya meza. "Kila siku. Na ule mzito nikaula mimi."

"Na maziwa ya mke wangu?"

"Hayana neno. Hayajawahi kuwa na neno. Nilijua, nikaacha wamtukane, kwa sababu..."

"Kwa sababu nini?"

Nilikuwa na sababu nzuri mbili tatu, moja ina nyuki ndani yake. Niliisikia ikinipanda ulimini. Niliibana kwa meno yangu yote matatu.

"Kwa sababu niliona haya kusema..."

Mlango ukasukumwa. Mwanangu akasimama pale, kope zimejaa vumbi la kokoto, funguo za lori mkononi. Akamtazama dada yake na sufuria. Akamtazama mkewe na kijiko. Akaitazama ile chupa mezani, kisha kadi iliyolowa.

"Haya," akasema. "Nani ananieleza?"

"Mwanangu," nikasema, kabla hajavua viatu. "Niliongeza maji."